Kumwombea Mwenzako kwa Jina Lake: Mwongozo kwa Makanisa Madogo ya Unguja na Pemba

Katika makanisa mengi ya visiwani, maombi ya Jumapili kwa ajili ya waumini huchukua dakika tatu au nne, na maneno yake karibu kila mtu anayajua kwa ghibu: wagonjwa waponywe, wasafiri wafike salama, wajane na yatima wafarijiwe, na wote waliokosa kuja leo wakumbukwe huko waliko. Hakuna ubaya katika maneno hayo, na mimi mwenyewe nimeyasema mara nyingi nilipokuwa na zamu ya kuongoza. Nilikuja kugundua, hata hivyo, kwamba naweza kuyasema yote tangu mwanzo hadi "Amina" bila ya sura ya mtu hata mmoja kunijia mbele ya macho, na kwamba ningeulizwa nje ya mlango wa kanisa ni mgonjwa gani niliyemwombea, ningebabaika.

Mwongozo huu ni kwa muumini wa kawaida anayetaka kutoka katika hali hiyo. Unaeleza namna ya kuwaombea wenzako wa kanisani mmoja mmoja, kwa habari za kweli, ukiwaombea yale ambayo Maandiko yenyewe yanatufundisha kuyaomba. Msingi wake ni huu: tunamwombea mtu, hatuombei shida yake tu. Shida ya leo itapita na nyingine itakuja, na anayeombea shida peke yake hujikuta hana la kusema siku mwenzake anapokuwa mzima, ana kazi, na watoto wake wanakwenda skuli.

Hatua ya kwanza: andika majina

Tafuta daftari la kawaida la skuli na penseli. Andika jina la kila mtu unayeabudu naye, kila jina juu ya ukurasa wake. Usiandike "familia ya mzee fulani". Muandike mzee, muandike mkewe, waandike watoto mmoja mmoja, na muandike pia yule dada anayewasaidia kazi za nyumbani ambaye huketi benchi la nyuma na ambaye, ukiwa mkweli, huenda hulijui jina lake. Kama hulijui, hapo kazi yako ya kwanza imekwisha kupatikana: Jumapili ijayo nenda ukamuulize.

Agizo la jambo hili ni la zamani. Katika Kutoka 28, Haruni alipotakiwa kuingia patakatifu, hakuambiwa awakumbuke Israeli kwa jumla. Majina ya makabila yalichorwa juu ya mawe kumi na mawili, kila jina juu ya jiwe lake, naye akayachukua juu ya moyo wake. Nami huona kwamba sisi wa Zanzibar tuna sababu ya ziada ya kulipa uzito jambo la majina. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, linasimama mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka huohuo. Pale mtu alihesabiwa kwa kichwa, kwa umri, kwa meno na kwa bei. Wengi kati ya wale walioachiwa huru, wakapewa makazi Mbweni na kwingineko, walianza maisha mapya bila ya jamaa hata mmoja wa kuwaita kwa jina la nyumbani. Mkristo anayepiga magoti juu ya ardhi ile na kumtaja mwenzake kwa jina lake kamili mbele za Mungu anafanya kinyume kabisa cha kile kilichokuwa kikifanyika hapo.

Kisha gawanya. Tuseme kanisa lenu lina watu 42. Ukiacha Jumapili kwa ajili ya kuliombea kanisa zima pamoja na viongozi wake, unabaki na siku 6 na majina 7 kwa kila siku. Ukimpa kila mmoja dakika 2, ni dakika 14, ambazo ni pungufu ya muda wa kungoja daladala ijae. Ikiwa parokia au usharika wako una mamia ya watu, usijaribu kuwabeba wote. Chukua jumuiya yako ndogo, au kwaya yako, au watu wa mabenchi mawili ya jirani, na wengine waachie wengine. Nimeona watu wakianza na orodha ya watu 200 kwa moto mkubwa, na wiki ya tatu daftari limeshageuzwa la hesabu za dukani.

Hatua ya pili: pata habari kabla ya kuomba

Hapa nitakiri kosa langu. Kwa muda wa miezi mitatu nilimwombea kijana mmoja wa kanisani kwetu apate kazi. Nilimwombea kwa bidii, kila Jumanne, na mara moja nilifunga kwa ajili yake. Siku moja nikakutana na dada yake Darajani akinunua samaki, nikamuuliza kama kaka bado anahangaika. Akacheka mpaka akaweka kikapu chini: kaka alikuwa amepata kazi zamani, amehamia Chake Chake, ana mshahara, na tatizo lake siku hizo lilikuwa kwamba ameanza kunywa. Kwa hiyo wakati mimi nikimwombea riziki aliyokwisha kuipata, hakuna aliyekuwa akimwombea juu ya kile kilichokuwa kikimmaliza.

Tangu hapo sifungui ukurasa wa mtu bila ya kujiuliza ni lini nilipata habari zake kwa mara ya mwisho. Ikiwa umepita mwezi, kabla ya kuomba hupiga simu au hupita nyumbani kwake. Kwetu jambo hili ni jepesi kuliko kwa watu wengine, kwa sababu salamu zetu zenyewe ni mlango: tunauliza hali, tunauliza za nyumbani, za watoto, za kazi, za mgonjwa. Tatizo ni kwamba tunauliza tukiwa tunapita, na mwenzetu hujibu "salama" akiwa naye anapita. Simama. Muulize mara ya pili, kwa sauti ya chini, jambo moja mahsusi: "Na lile goti la mama linaendeleaje?" au "Mkataba wako umekwisha mwezi gani?" Ukimuuliza mtu kwa ujumla akuambie umwombee nini, wengi watakujibu "Wewe niombee tu." Usiridhike na jibu hilo, wala usilipekue kwa nguvu. Mwambie utakachomwombea wewe, kisha umngoje. Mara nyingi atakurekebisha, na katika marekebisho hayo ndimo limo alilotaka kusema.

Ijue pia kalenda ya visiwa, maana ndiyo inayopanga shida za watu wetu. Masika yanapoingia, mwezi wa Machi hadi Mei, hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa na Paje hupunguza wafanyakazi au hufungwa kabisa, na ndugu waliotoka bara kuja kufanya kazi huko hukaa kwenye vyumba vya kupanga wakihesabu akiba. Msimu wa wageni unaporudi, shida hugeuka: kazi ipo, lakini zamu za Jumapili zinawaweka mbali na ibada kwa wiki sita mfululizo, na imani huanza kukauka kimyakimya. Huko Pemba, msimu wa karafuu hubadilisha mwendo wa kila nyumba. Kusi linapovuma, anayesafiri kwa jahazi au boti kati ya Unguja na Pemba anahitaji kutajwa siku hiyohiyo. Mkondo wa Nungwi tunaujua, na Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama, bado hatujaisahau.

Kwa wale wasioonekana kabisa, yaani mwalimu aliyepangiwa kijiji cha mbali Pemba, askari aliyehamishwa, muuguzi wa zamu za usiku, tafuta mtu wa kukuletea habari. Paulo aliwaombea Wakolosai watu ambao wengi wao hawakuwa wamepata kumwona uso, na habari zao alizipata kwa Epafra. Kila kanisa lina Epafra wake; mara nyingi ni mama mmoja mwenye simu isiyokosa salio. Mtafute, mfanye rafiki.

Hatua ya tatu: funga mdomo

Masikioni, uombezi na umbea ni maneno yaliyokaribiana mno, na katika maisha ya kanisa dogo hukaribiana zaidi ya hapo. "Tumwombee dada yetu, maana nasikia mumewe..." ni sentensi inayoanza kanisani na kuishia sokoni. Visiwa vyetu ni vidogo. Habari iliyosemwa mjini baada ya ibada hufika Nungwi kabla ya daladala ya mchana. Aliyekuaminia jambo akilisikia likirudi kwake kupitia kinywa cha mtu wa tatu, hatakuaminia tena, na zaidi ya hapo hatamwaminia tena mtu yeyote wa kanisani.

Kwa hiyo shika kanuni chache. Jambo uliloambiwa faragha liombee faragha. Ukitaka kulipeleka kwenye kikundi, muombe mwenyewe ruhusa, na umuulize ni maneno gani yatumike. Ukiomba kwa sauti mbele za watu, sema "mkumbuke dada yetu katika jambo lake" na usiendelee. Mungu anaijua habari nzima, na waliobaki hawana haja nayo. Usitaje jina la ugonjwa wa mtu kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, hata kama nia yako ni njema kiasi gani, kwa kuwa ujumbe huo unaweza kufika kwa mwajiri wake kabla hujasema Amina. Katika daftari lako, usiandike siri kwa maneno yake. Weka alama unayoielewa wewe, kwa sababu daftari husahaulika mezani na watoto wanajua kusoma.

Ipo hali moja inayovunja kanuni hii. Ukiambiwa kwamba mtoto anadhulumiwa, au mtu anapigwa nyumbani kwake, au mwenzako anazungumzia kujitoa uhai, hilo si jambo la kubaki ndani ya daftari la maombi. Liombee, na siku hiyohiyo uwahusishe wanaoweza kumlinda: kasisi au mchungaji unayemwamini, ofisi ya ustawi wa jamii, polisi, hospitali. Kukaa na habari kama hiyo kwa kisingizio kwamba unaiombea ni dhambi.

Hatua ya nne: omba walichoomba mitume

Sasa umekaa, una jina, una habari, na mdomo umeufunga. Utasema nini? Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu baada ya "mpe kazi" au "mponye" maneno yamekwisha na dakika hazijatimia hata moja.

Funga daftari kidogo ufungue Biblia. Soma sala nne za Paulo kwa ajili ya makanisa: Waefeso 1 kuanzia mstari wa 15, Waefeso 3 kuanzia mstari wa 14, Wafilipi 1:9-11 na Wakolosai 1:9-12. Zisome zote kwa kikao kimoja na utazame anachoomba. Anaomba macho ya mioyo yatiwe nuru. Anaomba watu wafanywe imara kwa nguvu katika utu wa ndani. Anaomba pendo lao lizidi kuwa jingi sana, katika hekima na ufahamu wote. Anaomba wajazwe maarifa ya mapenzi ya Mungu, waenende inavyomstahili Bwana, wapate saburi na uvumilivu pamoja na furaha. Haya aliyaandika akiwa mfungwa, kwa watu waliokuwa na magonjwa, madeni na mabwana wakali kama watu wengine wote. Sisemi kwamba mahitaji ya mwili hayaombewi. Yohana katika waraka wake wa tatu anamwombea Gayo afya njema, na Yakobo anaagiza wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Ninachosema ni kwamba kwa mitume haja ya mwili haikuwa mwisho wa sala.

Njia nzuri ya kujifunza ni kuchukua sala moja ya Paulo na kuipitisha juu ya mtu mmoja, sentensi kwa sentensi, ukiivalisha habari zake. Tuchukue yule ndugu aliyesimamishwa kazi hotelini wakati wa masika. Sala ya kawaida ni "Bwana, mpe kazi," na ni sala halali. Ukimpitishia Wakolosai 1, itakuwa hivi:

"Bwana, ndugu yetu yuko nyumbani tangu hoteli ilipofungwa. Mpatie riziki yake na ya watoto wake wiki hii. Mjaze maarifa ya mapenzi yako, ajue unataka aitumieje miezi hii, asipotezwe na kila ahadi ya kazi anayoisikia barazani. Aenende kama inavyokustahili, asijiingize katika deni au biashara ya kumfedhehesha kwa sababu ya njaa. Umpe nguvu, avumilie bila ya kumkasirikia mkewe. Na asubuhi anapoamka hana sare ya kuvaa wala zamu ya kuwahi, asijione kuwa si kitu. Mkumbushe kwamba umemstahilisha kupokea sehemu ya urithi wa watakatifu katika nuru."

Utaona kwamba dakika mbili zimepita, na utaona pia kwamba sala hii haitachakaa akipata kazi kesho.

Sala nyingine ambayo mwombezi hapaswi kuikosa ni ya Bwana mwenyewe, katika Luka 22:31-32. Isome polepole katika Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo Kiswahili chake kimejengwa juu ya Kiunguja, kwa maana lugha yetu inatuonyesha mambo mawili ndani yake. La kwanza ni watajwa: "Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile apepetavyo ngano, lakini nimekuombea wewe." Wanaopepetwa ni wote, anayeombewa ni mmoja, tena ameitwa kwa jina mara mbili: Simoni, Simoni, yaani Petro. La pili ni neno "isitindike", katika maneno yanayofuata: "ili imani yako isitindike". Neno hilo ndilo linalotumika pia katika habari ya arusi ya Kana, divai ilipowatindikia. Kutindika ni kupungua mpaka kukosekana, kama unga unavyokwisha ndani ya pipa. Bwana hakuomba ungo uondolewe. Aliomba kwamba Petro akiwa ndani ya ungo, anarushwa juu na kushuka, imani yake isimwishie. Kila aliyewahi kupepeta mchele anajua kwamba punje haina raha ndani ya ungo, wala haijui kama mpepetaji anataka kuitupa au kuihifadhi. Ninapokuwa na mtu ambaye shida yake sijui nimwombeeje iondoke au ibaki, humwombea neno hilo moja.

Na siku nyingine hata hilo halipatikani. Warumi 8:26 inasema kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Taja jina, kaa kimya dakika zako mbili, geuza ukurasa.

Hatua ya tano: weka wakati

Wengi wetu tunaoishi Ng'ambo, yaani mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, hatuhitaji saa ya kutuamsha. Adhana ya alfajiri huamsha mtaa mzima, na majirani zangu wanapokwenda msikitini mimi huketi na daftari langu, wakati ambapo watoto wamelala na simu bado haijaanza kulia. Jirani yangu mzee mmoja, alipoiona taa yangu ikiwaka siku nyingi, aliniuliza kama na sisi tuna swala ya alfajiri. Nikamwambia, "Hapana mzee wangu, nina dua zangu za watu." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi na mie nitie humo, goti hili halinipi usingizi." Jina lake lipo ukurasa wa mwisho wa daftari, ingawa daftari lilianzishwa kwa ajili ya watu wa kanisani.

Anayefanya zamu za usiku atatafuta wakati mwingine. Nyumba zetu zimegusana kuta, kwa hiyo omba kwa sauti ya kunong'ona kama huna chumba. Lakini omba kwa midomo, si kwa mawazo peke yake, maana mawazo hutoka mara moja kwenda kwenye bei ya mchele. Mara moja kwa wiki omba na mtu wa pili, mmoja tu. Wawili huwajibishana, wakiwa saba huanza kuhutubiana.

Hatua ya sita: jina unaloliruka

Baada ya mwezi mmoja utagundua kwamba kuna ukurasa unaougeuza haraka. Kwangu ulikuwa wa mama mmoja tuliyekosana naye juu ya michango ya harusi, jambo dogo la fedha ndogo, ambalo lilitufanya tukae mabenchi tofauti kwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikifika kwake nasema "Bwana, mbariki mama huyu, umfungue macho aone kosa lake," na hiyo haikuwa sala, ilikuwa mashitaka.

Ayubu 42:10 inasema kwamba Bwana aliugeuza uteka wa Ayubu hapo alipowaombea rafiki zake, na rafiki hao ni walewale waliokaa wakimwambia kwamba mabaya yake ameyataka mwenyewe. Samweli naye, katika 1 Samweli 12:23, alipokuwa amekataliwa na watu waliotaka mfalme badala yake, alisema, "hasha! Nisimtende Bwana dhambi kwa kuacha kuwaombea ninyi." Namna ya kuanza ni kumshukuru Mungu kwa jambo moja la kweli juu ya mtu huyo. Mimi nilianza na sauti yake, kwa sababu hakika anaimba vizuri. Wiki nne nilishukuru kwa sauti tu, sikuweza zaidi. Ya tano niliweza kuwaombea watoto wake. Usijilazimishe kumsamehe kwa maneno makubwa siku ya kwanza, lakini ukurasa usiuruke.

Hatua ya saba: ondoka ukaende

Maombi yakishakuwa na jina na habari, yatakutuma. Yakobo anamcheka mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila ya kumpa kitu. Ukiwa umemwombea mtu chakula na una mchele ndani, mpelekee kibaba cha mchele kwanza, uendelee kuomba baadaye.

Kumwombea mgonjwa hospitalini kuna adabu yake, na naieleza kwa sababu nimeona ikivunjwa. Wodi za Mnazi Mmoja na za hospitali nyingine zetu zina wagonjwa wa dini zote, wamelala karibu karibu. Salimia wote unapoingia, si ndugu yako peke yake. Muulize kama anataka kuombewa sasa, na kama anakubali umshike mkono. Omba kwa sauti anayoisikia yeye, kwa maneno machache. Dakika mbili zinamtosha mtu mwenye homa. Usimwambie aache dawa za daktari, usimwambie kwamba angekuwa na imani angekuwa ameshapona, na usimkalie kitandani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akikuomba nawe umwombee, mwombee kwa heshima, usiigeuze nafasi hiyo kuwa mahubiri.

Wapo ambao hutaweza kuwafikia, hasa walio kisiwa kingine. Watumie ujumbe mfupi siku ya zamu yao: "Leo nimekutaja." Mwalimu mmoja aliyekuwa peke yake katika kijiji cha Pemba, ambaye kwenda ibadani ilimbidi afunge safari hadi Wete, aliniambia kwamba ujumbe wa kila Alhamisi ulimzuia mara mbili asiandike barua ya kuomba uhamisho. Sikuwa nimemwombea abaki wala ahame.

Hatua ya nane: pitia daftari

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chakula cha mchana, pitia kurasa zote. Palipojibiwa andika tarehe, na siku ya jina hilo uanze kwa shukrani. Pasipojibiwa, usifute, badilisha namna ya kuomba, au rudi kwa mwenyewe umuulize upya, maana pengine habari zako zimechakaa kama zangu za yule kijana. Epafra, asema Paulo katika Wakolosai 4:12, alikuwa "akifanya bidii siku zote" katika maombi yake, na neno la Kiyunani lililo nyuma ya bidii hiyo ni la mshindani katika michezo. Mshindani hutoka jasho, na huchoka pia. Ukichoka, punguza majina ubaki na matatu kwa siku, usiache.

Mtu akihamia bara, muulize amehamia kanisa gani na umtafute mtu wa huko wa kumpokea katika daftari lake. Ukishapata jibu, piga mstari mmoja wa penseli chini ya jina na uandike mahali alipo. Akifa, fuata utaratibu wa kanisa lako, kwa kuwa makanisa yetu hayafundishi jambo moja kuhusu kuwaombea marehemu. Lakini wafiwa wake wapewe kurasa zao wenyewe, na zamu yao iwe kila siku, isikome arubaini inapopita, kwa sababu ni baada ya arubaini ndipo wageni wanapokwisha kuondoka na nyumba inakuwa kimya. Daftari likijaa, hamishia majina kwenye jipya kwa mkono wako, moja moja, na la zamani lichome moto.